Chipu Iliyotolewa Ikiwa Macho

Siku Kandida alipokufa, kifua chake kiliendelea kupanda na kushuka mpaka jioni.

Ukuta wa mtambo wa kuoshea kahawa ulimwangukia mke wangu asubuhi, mvua ikiwa bado inanyesha. Tulipoondoa matofali tulikuta ameumia kichwani tu. Sehemu nyingine yote ya mwili ilikuwa nzima, hata vifungo vya koti vilikuwa mahali pake. Nesi wa zahanati alipiga magoti kwenye tope, akamshika shingoni, akasubiri, akahamisha vidole, akasubiri tena.

"Kaka Gerold," akaniambia, "moyo umesimama."

"Mbona anapumua?"

"Si yeye. Ni kipumulio."

Nilijua. Niliuliza tu kwa sababu kifua kilikuwa kinapanda.

Wote waliokuwa watoto mwaka ule wa homa ya kisogo wana kipumulio. Homa iliwaacha wakitembea, wakicheka, wakisoma shule kama wenzao, ila wakilala miili yao husahau kupumua. Ndipo Kampuni ikaleta kile kidude cha chini ya mtulinga, mfupa wa kati ya shingo na bega, chenye nyaya mbili zinazokwenda kwenye misuli ya kifua na chipu moja ndogo kama ukucha wa mtoto. Mtu akitulia, chipu inashika kazi. Akiamka, inamwachia. Haikutengenezwa kujua tofauti kati ya aliyelala na aliyekufa, kwa kuwa wote wawili wametulia.

Wanawake walioingia kumwosha walitoka nje mara mbili. Mara ya kwanza shangazi yake, Gaudensia, aliwarudisha. "Rudini ndani. Mtoto wetu amekufa. Kinachopumua ni chuma." Mara ya pili alitoka yeye mwenyewe, mikono ikiwa na povu la sabuni, akakaa kizingitini.

Nikaingia mimi. Nikakaa chini karibu na kichwa chake. Kandida alikuwa na pumzi yake, naifahamu kuliko sura yangu. Pumzi fupi kadhaa, halafu anasita, halafu anashusha moja ndefu, kama mtu aliyekumbuka kitu akaamua hakina maana. Chipu ilijifunza hivyo kutoka kwake alipokuwa msichana, na sasa ilikuwa inamfanyia. Zile fupi. Kusita. Ile ndefu. Nilikuwa nasubiri kila ile ndefu.

Fundi Fridolin Komba alichelewa kwa sababu maji yalikuwa yamefunika daraja. Kwa kawaida yeye ndiye huitwa mtu mwenye kipumulio akifa. Huja na sumaku nyeusi mfukoni, huiweka juu ya mtulinga, huhesabu kimyakimya, na kifua kinatulia. Watu hushukuru, na mazishi yanaendelea. Siku ile alishika sumaku lakini hakuiweka.

"Gerold," akasema, "nikiizima hivi ilivyo desturi yetu, itasahau kila kitu. Naomba niitoe ikiwa macho."

"Itoe unavyotaka. Ila asipumue tena."

Sikuelewa nilichokubali. Alikata mahali padogo, akachomoa nyaya mbili za kifua, akaacha ule wa betri. Kifua cha mke wangu kikashuka, hakikupanda tena. Mkononi mwa Fridolin, ndani ya kikopo cha plastiki, taa ndogo ya manjano iliendelea kuwaka na kufifia. Zamani taa hiyo ilikuwa ya kijani. Iligeuka manjano Kampuni ilipofungwa, na haijageuka tena kwa mtu yeyote katika milima hii.

Tukamzika Kandida kesho yake.

* * *

Fridolin hakuichukua chipu. Alisema ni mali ya marehemu na msiba haujaondolewa. Aliiacha mezani kwangu, ikiwa imeunganishwa na betri inayochajiwa na paneli ya juu ya bati, na pembeni akafunga kidude cha kugonga ili nikisikia kimya nimwite haraka.

Basi nyumba ikawa inagonga. Fupi kadhaa. Kusita. Ndefu.

Majirani waliokuja kunipa pole walikaa, wakasikia, wakatazamana, wakaondoka mapema kuliko walivyokusudia. Mimi sikuona ubaya wake. Nilikula nikiisikia. Nilikuwa karani wa mizani pale ushirika, na nikirudi jioni nilifungua mlango taratibu, nisije nikaikatiza.

Edigna, dada mkubwa wa Kandida, alikuja karibu kila siku kuniletea chakula. Aliweka sahani mezani, upande ule ambao chipu haipo, na hakuitazama hata mara moja. Nilijua kwa nini haitazami. Kipumulio cha binti yake Ludgera kilikufa kabla ya Krismasi.

Kwa kina Kapinga, ukoo wa mke wangu, siku ya kuondoa msiba vitu vya marehemu hutandazwa kwenye mkeka. Mjane au mgane huchagua kwanza, kitu kimoja tu, kabla ndugu hawajagawana. Kitu hicho hakiombwi na yeyote, siku ile wala baadaye. Na kabla ya siku ile haifai mtu kutaja anachokitaka. Kumwomba mgane kitu chake ni kama kumwambia hajafiwa vya kutosha.

Kwa hiyo Edigna alileta ugali na maharage, akauliza kama paa linavuja, akaaga.

"Shemeji, kaa kidogo," nilimwambia siku moja.

"Nina kazi, shemeji."

"Ludgera hajambo?"

Aliangalia sakafu. "Amelala," akasema. "Yuko na watu."

* * *

Alikuwa na watu kwa sababu hakuna namna nyingine. Kipumulio kikifa, mtu hulala katika ukumbi wa parokia, kinyago usoni, na mwenzake anakaa kando yake akibana mfuko wa mpira kwa mkono. Anabana, anaachia, anabana, mpaka wa zamu nyingine afike. Mlima mzima una zamu, za usiku na za mchana, maana mgonjwa hulala pale tu mtu wa kubana anapopatikana. Kandida alikuwa na zake Jumatatu na Alhamisi baada ya chakula cha mchana, na jina lake lilikuwa bado kwenye ubao wa ukutani nilipokwenda kumwona Ludgera. Hakuna aliyethubutu kulifuta.

Nilimkuta ndiyo kwanza anaamka. Mzee Hyera, mpiga besi wa kwaya, alikuwa anajinyoosha vidole.

"Baba mdogo!" Ludgera akasema, akivua kinyago. "Umekuja kuniona nikikoroma? Umechelewa."

"Hukoromi, wewe," akasema Mzee Hyera.

"Ningekoromaje, babu, wakati unanipa hewa kwa mapigo ya wimbo? Wiki ya Pasaka alinifanyia Aleluya yote, baba mdogo. Niliamka nimechoka kama niliyepanda mlima na gunia."

Mzee Hyera alicheka mpaka akakohoa. Nami nikacheka, mara ya kwanza tangu mazishi, kisha nikaona kitanda cha pili.

Alilala pale Sixtus, fundi seremala, aliyekuwa darasa moja na Kandida. Mama mmoja alikuwa anambania mfuko huku mkono mwingine ukimshika mtoto wake anayenyonya.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Jumapili," akasema Mzee Hyera, na kicheko kikamwisha. "Na kahawa imeiva, Gerold. Nani atavuna? Watu wa zamu za Ludgera ndio haohao wa zamu za Sixtus. Wamegawanywa." Akashusha sauti, ingawa Sixtus alikuwa usingizini. "Halafu huyu hana mke wala mtoto. Ana kaka zake Songea, watu wenye uwezo. Si waje wamchukue?"

"Babu," akasema Ludgera.

"Nimeuliza tu."

"Na mimi ningekuwa sina mama hapa, ungeuliza?"

Mzee Hyera ni mtu mwema. Hajawahi kukosa zamu hata alipokuwa na homa. Alivaa kofia yake, akatoka.

Kandida aliwahi kurudi kutoka zamu yake, akakaa pale mlangoni akisugua viganja, akaniambia: "Leo tuna mgonjwa mmoja, tunajiona watu wazuri. Wakifika kumi tutaanza kuwachagua." Nilimwambia anafikiri mno. Sasa walikuwa hawajafika kumi. Walikuwa wawili.

* * *

Karakana ya Fridolin iko sokoni, kati ya duka la mbolea na kinyozi. Nilipoingia alisukuma kiti kwa mguu, akafungua kopo la maziwa lililojaa chipu, akalimimina mezani.

"Zote hizi zimetoka Kariakoo," akasema. "Kila moja niliapiwa kwamba ni ya Kampuni. Tazama."

Alichovya pamba kwenye dawa ya kuondolea rangi ya kucha, akasugua mgongo wa chipu moja. Namba za Kampuni zikahamia pambani kama masizi. Chini yake palikuwa na namba nyingine.

"Hii ni ya jiko la kupikia wali. Hii ya mwanasesere anayeongea. Hii sijui hata ni ya nini, labda lifti." Akazirudisha koponi. "Za kweli hazipo tena dukani popote. Zipo ndani ya watu."

"Na waliokufa?"

"Hapo ndipo nilipokosea, na mlima wote ulikosea pamoja nami." Alitoa ile sumaku nyeusi mfukoni, akaitazama. "Kampuni iliifunga kila chipu kwa ufunguo. Ufunguo wenyewe umekaa ndani ya chipu, kwenye kumbukumbu inayoishi kwa umeme. Umeme ukikatika hata kwa kufumba na kufumbua, unafutika. Walifanya hivyo ili wezi wasiige."

"Wezi gani?"

"Sisi."

Nje kinyozi alikuwa anabishana na mteja juu ya mpira. Fridolin alisubiri wamalize.

"Kila marehemu niliyemzima kwa heshima, nilifuta alichokuwa nacho. Kina Mbunda waliposikia chipu zimeadimika walifukua kaburi la kijana wao usiku, wakaniletea imefungwa kwenye leso. Ilikuwa safi, Gerold. Nzima kabisa. Haina kitu. Ya mkeo ndiyo pekee iliyotoka kwa mtu ikiwa macho."

"Unataka kuifanyia nini?"

"Ziko njia mbili. Ya kwanza rahisi. Naihamisha kama ilivyo, bila kukata umeme, naiweka kwenye kipumulio cha Ludgera. Hiyo ninaiweza. Atarudi kulala kwao, kitandani kwake."

"Kwa muda gani?"

"Zilitengenezwa wakati mmoja zote, na zinazeeka pamoja. Labda miaka mingi. Labda msimu mmoja wa kahawa. Sitakudanganya."

"Ya pili?"

"Ya pili ni kuifungua. Natia tindikali juu yake, inakula ganda taratibu, huku bado inafanya kazi. Ikibaki uchi naweka sindano nyembamba kuliko unywele, nasikiliza inavyojisemesha. Nanakili. Kisha natengeneza mwigaji: ubao wa kompyuta ya kawaida, ukubwa wa mkate, unaojifanya ni chipu ile. Hauingii mwilini, unakaa kando ya kitanda na waya mmoja. Lakini wao wanauhitaji kitandani tu. Na ukishatengeneza mmoja, unatengeneza mia."

"Na chipu?"

"Inakufa wakati wa kusikilizwa. Na ninaweza nisisikie vya kutosha. Sijawahi kufanya. Nimesoma tu jinsi wengine walivyofanya kwa mashine za michezo ya zamani, na mashine ya mchezo ikikosea hakuna anayezikwa."

"Wakati huo Ludgera anafanya nini?"

"Anabaniwa mfuko."

"Mpaka lini?"

Alifungua vifungo viwili vya shati, akalivuta pembeni. Chini ya mtulinga wake, kupitia ngozi, taa ya manjano ilikuwa inakonyeza, si kwa utaratibu kama ya Kandida, bali ovyo, kama kibatari chenye upepo.

"Imeanza wiki iliyopita," akasema. "Kwa hiyo ukinisikia nakuvuta upande mmoja, kumbuka anayeongea ni nani."

* * *

Siku moja kabla ya kuondoa msiba, Ludgera alikuja nyumbani kwangu peke yake. Hakubisha hodi mara ya pili. Alikaa kwenye kiti cha Kandida, akaitazama chipu ambayo mama yake alikuwa hawezi kuitazama.

"Ndiye yeye?" akauliza.

"Ndiyo pumzi yake."

Alisikiliza. Niliona midomo yake inahesabu zile fupi, na ilipofika kusita akashikilia pumzi naye, mpaka ile ndefu ilipogonga.

"Mama mdogo alikuwa akinibania hivyohivyo," akasema. "Nilidhani anachoka mkono."

Nikamwandalia chai. Hakuinywa.

"Baba mdogo, najua haisemwi. Mama akijua nimesema atanifukuza nyumbani. Lakini mama anakufa kwa kunyamaza, na mimi nitakufa kweli, kwa hiyo nasema. Mimi naitaka."

"Ludgera..."

"Subiri. Nisikudanganye kwamba siwazi wengine. Nawaza. Namwaza Sixtus, namwaza fundi. Lakini nikivaa kile kinyago siwazi mtu yeyote. Unajua nalala vipi? Naangalia uso wa anayebana. Naangalia kama macho yake mazito. Mama Sofrida alisinzia mwezi uliopita, niliamka nimekuwa wa bluu, yeye analia kuliko mimi. Nikamwambia si kitu. Ningemwambia nini? Nataka kulala mlango umefungwa. Nataka kuolewa, baba mdogo. Nani anaoa mtu anayelala na kwaya nzima?"

Alitaka kucheka, ikashindikana.

"Fundi amekuambia njia mbili?" nikamuuliza.

"Amenieleza. Amenieleza vizuri, nikamchukia." Akainuka. "Sikuombi. Kesho ukichagua sitasema neno. Nimekuambia tu ili usije ukasema hukujua."

Alipotoka, nilikaa. Chipu ilikuwa inagonga. Lilikuwapo jambo la tatu ambalo hakuna aliyelitaja, wala Fridolin. Ningeweza kuiacha pale mezani. Hakuna ambaye angeniomba. Ningerudi jioni kutoka mizani, nifungue mlango taratibu, na iwe inapumua mpaka itakapochoka yenyewe. Niliwaza hilo zaidi ya yale mawili mengine. Naliandika hapa kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

* * *

Mkeka ulitandikwa uani. Walipanga vitenge vyake, viatu vya kanisani, sufuria aliyoletewa siku ya harusi, redio, jembe, sweta ya kahawia ya baridi ya Julai. Mwisho kabisa Fridolin aliweka betri na kikopo. Watu wote wakanyamaza, na katika kimya hicho ikasikika inagonga.

Shangazi Gaudensia alikaa mbele, miguu ameinyoosha.

"Mkwe wetu," akasema, "umemtunza mtoto wetu. Chagua."

Edigna alikuwa mstari wa mbele, mikono mapajani, macho kwenye mkeka. Ludgera alisimama nyuma ya mama yake. Alitimiza ahadi. Hakusema neno wala hakunitazama.

Niliinama nikachukua kikopo. Nilisikia uani watu wakishusha pumzi. Walikuwa wametegemea hivyo. Mama mmoja alitikisa kichwa kunihurumia, na nafikiri wote walidhani naipeleka ndani.

"Nimechagua hii," nikasema. "Nampa Fridolin aifungue."

Kisha Edigna akainua uso. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu niliyekula chakula chake.

"Shemeji," akasema. "Shemeji." Akafunga mdomo kwa kiganja, kwa sababu neno lililofuata lingekuwa ombi.

"Edigna," nikasema, "nikimpa Ludgera, kesho kutwa atakuja wa tatu, na wa nne, na hatutakuwa na kitu cha kufungua. Tutakaa ukumbini tukiulizana nani ana ndugu Songea. Tumeshaanza kuulizana. Nimesikia kwa masikio yangu." Mzee Hyera aliangalia viatu vyake. "Zamu za Kandida nazichukua mimi. Jumatatu na Alhamisi. Na nyingine mtakazonipa."

"Zamu!" akasema Edigna. Alisimama, akafunga kitenge vizuri kiunoni, akatoka uani bila kuchukua kitu.

Mjomba mmoja alianza kusema kwamba jambo hili linafaa lizungumzwe upya kikaoni. Gaudensia akamkatiza. "Kimechaguliwa. Hakijadiliwi." Lakini sauti yake haikuwa na nguvu ya siku zote, na alipogawa vitu vilivyobaki, sweta ya kahawia alimpa Ludgera kabla ya kuulizwa.

* * *

Nilikuwapo Fridolin alipoifungua. Alinipa miwani na barakoa, akanikalisha mbali na tindikali. Kidude cha kugonga hakukiondoa. Alisema kinamsaidia kujua hali yake.

Ganda jeusi liliyeyuka kidogokidogo. Chini ya kioo cha kukuzia niliona kitu kama mji unaotazamwa kutoka mlima mrefu sana, barabara nyembamba za dhahabu zikikatana bila mtu hata mmoja. Alishusha sindano. Kwenye kompyuta yake ikaanza kumiminika mistari ya sifuri na moja.

Kazi hiyo ilichukua siku kadhaa. Nilikwenda kila nilipotoka mizani. Kugonga kuliendelea, fupi na ndefu, halafu zile fupi zikaanza kupishana vibaya. Fridolin alipunguza umeme, akaongeza, akatukana kwa Kimatengo, akaomba radhi.

Jioni moja ikafika kusita. Nikasubiri ile ndefu.

Kinyozi alikuwa anawasha mashine yake upande wa pili wa ukuta. Fridolin alikuwa ameweka mkono juu ya meza, haugusi kitu.

"Umepata?" nikamuuliza baadaye.

"Sehemu kubwa. Ufunguo nimeupata wote. Jinsi inavyosoma mwili, karibu yote. Pengo lipo, na pengo nitalijaza kwa kubahatisha na kujaribu." Akavua miwani. "Ile pumzi yake ndefu nimeipata. Ilikuwa mahali nilipoanzia."

Nikachukua kile kidude cha kugonga, nikakitia mfukoni. Hakuniuliza.

* * *

Alhamisi ya kwanza nilipofika ukumbini, jina la Kandida lilikuwa limefutwa ubaoni na langu limeandikwa. Ludgera alikuwa amekaa kitandani, amevaa ile sweta ya kahawia, mikono imemzidi urefu. Hakunisalimia. Tangu siku ya mkeka alikuwa hajanisemesha.

Nilikaa kwenye kigoda. Nikachukua mfuko. Alivaa kinyago nusu, akakishusha.

"Usiimbe," akasema.

"Siimbi."

"Na usisinzie."

"Sisinzii."

"Mama Sofrida naye alisema hivyo."

Hakulala upesi. Alinitazama usoni, jicho moja kisha jingine, jinsi alivyosema huwatazama wote. Usingizi ulikuwa unamvuta, naye anaukataa. Nilikaa wima, nikamwacha anitazame mpaka atosheke. Hatimaye macho yakafumba, kifua kikasimama, nami nikabana.

Nilibana, nikaachia, nikabana. Baada ya pumzi kadhaa mikono yangu ilisita yenyewe. Kisha nikabana moja ndefu. Sikukusudia. Ludgera alijigeuza upande, akavuta sweta shingoni, akaendelea kulala.

Mwigaji wa kwanza upo mezani kwa Fridolin. Unapumulisha puto la mpira vizuri kwa muda, kisha unakosea, naye anaanza upya. Hata akichoka hathubutu kusinzia hapo mezani, kwa sababu kipumulio chake kilikufa mwezi huu, na sasa analala kitanda cha tatu, kando ya Sixtus. Kaka wa Sixtus mmoja amekuja kutoka Songea, na amepewa zamu. Edigna ndiye anayembania Fridolin mfuko siku ya Jumatano. Hamsemeshi, lakini hachelewi.

Zamu yangu ni Jumatatu na Alhamisi, baada ya chakula cha mchana.